Wote wawili kwenye mlingoti wa viboko

Genia, uko wapi? Niko uwanjani Rynek, kwenye ngazi za mlingoti walipochapiwa wakosaji zamani. Goti limekataa, siwezi kuinuka.

Unajua sisi watu wa Wrocław, miadi yote ni hapa. Basi Zenek nikamwambia saa kumi, hapa. Nikasahau Bolek naye nilishamwambia hivyohivyo.

Wamefika pamoja, shoga. Pamoja. Zenek na maua, Bolek na keki ya jibini.

Zenek akamuuliza, "Mzee mwenzangu, unamsubiri nani?" Bolek akaninyooshea kidole. "Huyu hapa."

"Huyuhuyu? Basi tumepatikana."

Nikawaambia, "Nifungeni, mlingoti si huu hapa?"

Nilidhani watanigombania, walau wasukumane kidogo. Wapi. Wamegundua walikaa kambi moja jeshini. Wamekumbatiana mbele yangu, machozi kabisa, wakaenda kunywa bia.

"Tulindie vitu, bibi, tunarudi."

Bibi. Mimi, na rangi ya mdomo nimepaka.

Jua limeshahama hapa nilipo na hawajarudi. Nikiwaita wananipungia mkono kutoka mezani, basi.

Njoo uninyanyue, Genia, nisikutwe hapahapa kama kifurushi. Maua utachukua wewe. Keki nimeimaliza.