Kodi Inayoning'inia

Jumatatu, 3 Machi. Tuwan.
Nusu saa tena na ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne. Kidole cha shahada uzi wa pili, cha pete uzi wa kwanza, kisha nadonoa nyuzi zote nne, moja moja. Njoki, mwalimu wa kwaya anayenifundisha, anaiita kodi inayoning'inia, kodi ya muziki, sauti kadhaa kwa pamoja: sauti moja imekaa juu kidogo ya mahali pake, sikio linangoja ishuke. Mimi singoji. Nainua kidole mapema kila mara. Mwalimu mstaafu, miaka sabini na moja, na vidole kama vya mwizi.

Jumatano, 5 Machi.
Kwa Njoki, Kibomet. Nilimwimbia wimbo wa baba, ule aliopiga kwa litungu lake, kinubi cha nyuzi saba, kule Malakisi. Njoki akaitambua kodi ile ile, mwanzo na mwisho. "Mwalimu, si unaharakisha! Wacha ining'inie, bana. Unaogopa nini?"
Akauliza litungu liko wapi. Nikasema lilichomwa tulipofukuzwa makwetu wakati wa vurugu. Nimesema hivyo zaidi ya miaka thelathini. Ulimi haukujikwaa. Hilo ndilo lililonitia aibu.

Jumapili, 9 Machi.
Dada Nasimiyu amepiga simu. Masikio yake yanaziba. Anataka niende Malakisi Jumamosi nimpigie wimbo wa baba angali anasikia. Kisha akarudia habari ya Nyongesa, jirani yake. Anaamini ndiye aliyelichoma litungu. Hajamsalimu tangu mwaka ule tuliofukuzwa. Jina hilo sikumpa mimi. Lakini sikulikanusha.

Ijumaa, 14 Machi.
Niandike basi, angalau hapa. Uwanja wa kanisa tulikokimbilia, asubuhi ya pili. Mvua ilikuwa imelowesha kila kuni. Watoto walilia njaa. Litungu lilikuwa kavu. Vitabu vyangu pia vilikuwa vikavu, sandukuni. Nikavunja litungu. Uji uliiva.
Vitabu bado ninavyo.

Jumamosi, 15 Machi. Malakisi.
Nasimiyu alichinja kuku. Nilipiga karibu naye, sikioni kabisa. Kodi ya mwisho niliiacha ining'inie. Kidole hakikuinuka. Nikasema: "Dada, Nyongesa hakuchoma kitu. Mimi ndiye niliyevunja litungu, nikapikia uji."
Alichukua mkongojo, akaenda hadi kwenye ua. Nikamsikia akiita, "Nyongesa! Kuja tule!"
Mzee alikuja polepole, kama anayeogopa mbwa. Nikasimama, nikamweleza mwenyewe. Akauliza, "Ati uji?" Kisha akaangalia ukulele. "Na haka katoto ka litungu, bado kananyonya?" Alicheka peke yake.
Firigisi, kipande cha heshima, imekuwa yangu katika nyumba hii tangu baba afe. Leo Nasimiyu aliiweka kwenye sahani ya Nyongesa. Naye aliitazama kwanza, hakuigusa, mpaka dada akamwambia, "Kula. Imekawia." Mimi nilipewa shingo. Nikaila yote.

Jumatatu, 17 Machi. Tuwan.
Nasimiyu hajapiga simu.
Njoki alipita baada ya mvua. Nilimwambia litungu lilikwenda wapi. Alivuta kiti.
Nusu saa. Nyuzi nne, moja moja. Nahesabu hadi nne kabla ya kuinua kidole.