Bakuli Jeupe Kwenye Jiwe la Mpaka

Mpwa wangu Mwajuma,

Barua hii inatoka kwa mtu ambaye bila yeye reli ya Mdachi ingeishia Ngerengere. Usicheke. Wale wapima njia walikuwa wamekonda kwa vyakula vya mkebe, wanataka kurudi pwani, ndipo nilipowapikia kuku wa nazi siku moja tu. Wakainuka, wakalaza vyuma mpaka Morogoro. Bwana wao mmoja alisema mbele za watu, "Mpishi, wewe ni nusu ya garimoshi." Nusu ipi hakusema, lakini watu walisikia.

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaituma. Marahaba, mwanangu. Huku tuko wazima, mvua ya vuli ilikuwa haba, na kiangazi kimeingia kikali hata ng'ombe wa shambani wanalala mchana na ndimi nje. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Shule ya boma niliiacha mapema, unajua, kwa sababu mwalimu aliona nitampita, akanionea haya.

Leo asubuhi nimekata papai, nikakukumbuka ulivyoingia jikoni kwangu mara ya kwanza. Mama yako, dada yangu, alikuwa amezikwa Mkuyuni tangu ungali mchanga, na mimi nilichelewa kwenda kukuchukua, maana kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mama akiondoka mjomba ndiye mlango. Ulikuwa mwanamwali tayari. Ulikuja na mkeka mmoja na ulimi mkali kama shoka jipya. Nikakupeleka katika lile shamba la mpira chini ya mlima, ambako nilikuwa mpishi mkuu. Sawa, mpishi alikuwa mmoja. Huyo mmoja ndiye mkuu.

Ukamkuta Bibi wa Kidachi anataka chakula chake cha siku za joto. Majani mabichi ya wale wakulima wa misheni, tango lililokatwa jembamba mpaka unaona kidole upande wa pili, nanasi, chungwa lililovuliwa hata ile ngozi yake ya ndani, vyote katika bakuli moja jeupe, na juu yake malai.

"Majani mabichi, mjomba?" uliniuliza. "Kwani Wazungu hawa ni mbuzi?"

"Mbuzi wenye bunduki. Kata tango."

"Na nanasi tena? Na chumvi? Basi watie na sabuni."

Nikakufukuza jikoni. Ulirudi mlango wa nyuma kabla sijaweka mwiko chini. Baadaye mkono wako ukazoea. Maziwa yalilala usiku kucha katika chungu, asubuhi tunaengua malai yaliyopanda juu, tunayapekecha kwa kijiti, ndimu, chumvi, asali kidogo, pilipili manga iliyotwangwa. Yanakuwa mazito, yanang'aa, yanashika kwenye tunda kama umande. Wageni walikuja kwa farasi kutoka Kilosa kwa ajili ya malai yangu. Wewe ulishika bakuli, mimi nilitoa amri. Ndivyo nilivyowaambia watu, na ndivyo wanavyojua hadi leo.

Bakuli lile ukishaliosha ulilifudikiza juu ya jiwe, si kwenye kichanja pamoja na vyombo vingine. "Chombo cheupe kisitazame mbingu usiku," ulisema. Mama yako alikuwa akifanya hivyo hivyo. Sikuwahi kukufundisha jambo hilo, na yeye alikuacha ungali mdogo mno kukumbuka.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Bwana Mkubwa wa boma alikuwa anakuja kula. Bibi akasema kwao saladi ya wageni wakubwa hutiwa matunda madogo mekundu, ya miiba, ila nchi hii maskini haina. Mwajuma, mimi ni mtu wa kuambiwa nchi yetu haina? Nikamjibu kwetu juu yamejaa, mekundu kuliko ya kwao, na kesho atayaona mezani. Akapiga makofi kama mtoto.

Jikoni ulinitazama. "Mjomba, yapi hayo?"

"Yale ya msitu wetu."

"Yale hayatoki."

Ulisema kweli. Kila mtoto wa ukoo wetu hufundishwa kabla ya kufundishwa kunawa: katika msitu wa mizimu ukiona tunda, chuma, ule pale pale umesimama, ushibe ukipenda, lakini usivuke nalo jiwe la mpaka. Hata mbegu katikati ya meno, iteme kwanza. Chao ni chao.

"Waambie mjomba wako ni mpishi wa serikali," nikasema.

"Mizimu haili kwa serikali," ukajibu, ukafunga khanga. Nilidhani unakwenda mtoni. Ulirudi jua likiwa linashuka, miguu imechanwa na miiba, na kapu limefunikwa kwa majani ya mgomba. Ukasema, "Usije ukaaibika mbele ya Mdachi, mjomba." Maneno hayo tu.

Meza ile ilisifiwa. Bwana Mkubwa alikula akaomba tena. Lakini nilisimama nyuma ya kiti chake, nikaona jambo ambalo sijamwambia mtu. Kiangazi kile nzi walikuwa wengi, unawafukuza kwa mkono mmoja na kula kwa mwingine. Walitua kwenye nyama. Walitua kwenye mkate, kwenye ndevu za Bwana Mkubwa. Kwenye bakuli jeupe hakutua hata mmoja. Na wale mbwa wawili waliolala chini ya meza waliondoka, mmoja nyuma ya mwenzake, taratibu, kama watu wanaotoka kilioni.

Masazo niliyashika kesho yake. Jikoni palikuwa na joto la kuokea mkate, nayo yalikuwa baridi kama mawe ya chini ya mto.

Halafu ukaanza kuitika.

Unakuna nazi, kimya, mara, "Abee!" Nikuulize, nani kakuita? "Kumbe si wewe, mjomba?" Kesho yake unafagia. "Abee!" Unachota maji. "Abee!" Nikakukumbusha unayoyajua, kwamba mtu hai huita mara tatu, na anayeita mara moja tu haitikiwi, awe na sauti ya nani.

"Najua," ulisema. "Lakini inatangulia kinywa changu."

"Ni sauti ya nani?"

Ulichukua ufagio, ukaendelea. Ila ulikuwa unatabasamu, Mwajuma, na tabasamu lile lilinitisha kuliko chui niliyemkaba kwa mikono pale Mindu.

Asubuhi ile niliyokukosa, kulikuwa na ukungu umeshuka mpaka kwenye ngazi za nyumba. Masazo hayapo, bakuli halipo, kapu halipo. Nikajua umekwenda kurudisha. Nilisimama mlangoni nivae viatu, nikakusikia mbali, juu kwenye njia, ukiitika. Si kama jikoni. Uliitika kwa furaha, kwa kurefusha, kama mtoto aliyeachwa sokoni na sasa ameuona uso wa mama yake. "Abeeee!"

Halafu ukungu tu.

Nilikutafuta na askari wa boma wote. Alikuwa mmoja, na ana homa, lakini alikuja. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Kwenye jiwe la mpaka tulikuta bakuli jeupe limeoshwa, limefudikizwa. Ndani ya msitu hapakuwa na unyayo, hata jani lililolala. Askari akasema utakuwa umeolewa Turiani.

Nikaenda Mkuyuni kwa bibi yetu mkubwa wa ukoo, yule asiyeona lakini anajua nani kaingia kwa hewa inavyosogea. Nilimpa unga na kaniki. Akatambika, akasema:

"Hajafa. Hajapotea. Ameitika."

"Anatokaje, bibi?"

"Walichochukuliwa hakikurudi. Alirudisha masazo. Yaliyoliwa je? Tumbo la Mdachi utalipasua?"

"Basi tufanyeje?"

"Kilicholiwa ndicho kirudi. Kama kilivyoliwa. Wewe ndiye mjomba, na wewe ndiye mpishi. Si ulisema wanakuja kwa farasi?" Akacheka kidogo, bila meno. "Wapikie na hawa basi. Wakiridhika watamwachia."

Basi kila kiangazi nimekuwa nikipanda na kapu. Tango, nanasi, chungwa, majani ya misheni. Yale mekundu nayachuma mle mle ndani, hayavuki jiwe. Najaza bakuli, naliacha, nashuka. Nikirudi nakuta limekataliwa. Si kuoza, Mwajuma. Limegeuzwa. Chakula chote chini, kimepangwa tunda kwa tunda, tango peke yake, chungwa peke yake, kama mtu aliyechambua akitafuta kitu asikione. Na bakuli safi juu ya jiwe.

Juzi nimekwenda tena. Safari hii sikuwa na malai kabisa. Wazee niliwaambia yaliharibika njiani kwa jua. Nikapanga matunda matupu, nikakaa chini ya njia kidogo, mahali ninapoliona jiwe, maana mimi simwogopi mtu. Ukungu ukapita. Haukukaa hata muda wa kuvuta ugoro. Ulipotoka, nikasogea.

Bakuli lilikuwa palepale. Ndani yake palikuwa na malai.

Mazito, yanang'aa, yameshika kwenye kila tunda. Pilipili manga imetwangwa chengachenga, si unga, vile wewe unavyotwanga ukiwa na hasira. Yalikuwa baridi. Nilitia kidole, nikaonja. Nikala pale pale nimesimama, kama tulivyofundishwa, nikala nikilia, mpaka nikasikia ukucha wangu ukikwaruza chini ya bakuli. Sikutoka na hata tone. Midomo niliipangusa kwa majani nikayaacha mle mle.

Huyo ulikuwa wewe. Nani mwingine angenihurumia njaa?

Nilipokwisha shuka mpaka pale penye kijito, nyuma yangu ukaniita.

"Mjomba!"

Mara moja.

Sauti yako, na kicheko chako kimejificha pembeni yake. Nilisimama, maji yakipita juu ya miguu. Neno la kuitika lilikuwa limejaa kinywa, nikalibana kwa meno mpaka nikaonja damu. Nikasubiri ya pili. Ndege wote walikuwa wamenyamaza, nao wakisubiri. Ya pili haikuja. Nikaondoka bila kugeuka, na tangu juzi sijalala, maana sijui nimemkimbia nani. Kama ulikuwa wewe umechoka, una pumzi ya kuita mara moja tu, basi nimekuacha mara nyingine. Kama hakuwa wewe, nimepona.

Ndiyo sababu naandika. Barua si kuitika. Nimewauliza wazee, hata wao hawana katazo juu ya barua. Nitaiweka chini ya bakuli, niikandamize kwa kijiwe, upepo usiichukue.

Mwajuma, ukiwa wewe, niite mara tatu. Hata kwa siku tatu tofauti, mimi nitakaa pale kijitoni nikihesabu. Ukiniita ya tatu nitaitika kwa sauti watakayoisikia mpaka Mwembesongo, nitavuka jiwe, na nitakutoa kwa mkono. Yule mpishi wa sasa, kijana wa Kiluguru wa juu aliyeshika jiko baada yangu, nimemwambia kona ile ya jikoni asiweke kuni, ni ya mtu. Mkeka wako nimeuanika. Bibi wa Kidachi ameuliza habari zako hadi amechoka. Siku hizi saladi hataki tena, anasema katika bakuli jipya haina ladha.

Ila kama hawakuachii bila kurudishiwa kilicholiwa, kama kilivyoliwa, basi kuna kitu kimoja inabidi nikuulize, nawe ukiisha kusoma karatasi hii uile, isionekane na mtu yeyote wa ukoo, hasa yule bibi.

Yale malai sijui kuyatengeneza. Sijawahi kujua, hata siku zile za farasi wa Kilosa. Yangu yanakatika, yanakuwa maji na vibonge, na kila kiangazi nimewapelekea hao wakubwa wako maziwa yaliyokatika nikiwaambia watu ni upishi wa Berlini. Walikuwa wakichambua wakitafuta mkono wako. Nilikuwa nakutazama ukipekecha na kila mara nataka kuuliza, halafu nakumbuka mimi ni nani.

Basi nijibu hili tu, ukwaruze hata kwa kijiti juu ya jiwe: ndimu ndiyo inatangulia, au chumvi?

Mjomba wako, ndugu wa tumbo moja na mama yako. Mpe salamu zangu, kama uko naye.