Mkono Wangu Mlangoni

Shule ya Kang-atis, Samar
9 Agosti

Mwanangu mpendwa Nerissa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Hong Kong, na kwamba tajiri wako amekupunguzia kazi kidogo baada ya msiba. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yananisumbua. Mama yako ameanza kula. Jana alimaliza sahani ya wali na samaki mkavu, kisha akanilalamikia kwamba chumvi imezidi, nami nikafurahi kumsikia akilalamika.

Ofisi ya elimu imeniletea karatasi. Wanataka maoni yangu, mwalimu wa miaka thelathini na moja, kama ni vyema kila mwanafunzi awe na kompyuta mpakato yake. Wenzangu wamejaza kwa dakika tano. Yangu bado nyeupe, kwa sababu lazima nikuandikie wewe kwanza.

Sizichukii kompyuta zile. Analyn aliipenda yake mno; ndimo alimokuwa akiuona uso wako kila Jumapili. Na siku ya mazishi ni mimi niliyeibeba kifuani chini ya mwavuli, nimeielekeza kaburini, ili na wewe umzike mwanao. Sauti yako ilikuwa inakatika, lakini nilikusikia: "Asante, Mwalimu. Ulimtunza kama mama."

Unaikumbuka desturi yetu ya asubuhi. Mtoto anauchukua mkono wangu pale mlangoni, anaugusisha kwenye paji la uso wake, ndipo anaingia. Watu huona ni heshima tu, lakini mkono huu ulijua nani ana homa kabla ya mama yake kujua. Hata wewe nilikurudisha nyumbani na surua ukiwa darasa la pili, ukaondoka unalia kwamba nimekuonea.

Kompyuta zilipoletwa mwezi wa Juni, thelathini na nane, niliagizwa kila asubuhi nikague namba ya kila moja. Ikipotea hata moja, wa kujibu ni mimi. Basi nikawa nakaa mezani na daftari badala ya kusimama mlangoni. Watoto wakaniita Bi Namba, nikacheka nao. Desturi ya mkono nikaiweka kando, nikisema nitairudia tukishazoea.

Nilikwambia, kama nilivyomwambia kila mtu, kwamba Jumatatu ile Analyn alikuwa mzima shuleni. Si kweli, mwanangu. Alikuja mezani kwangu, hakutoa kompyuta, akaushika mkono wangu wa kalamu na kuuinamia. Nikauvuta. Nilikuwa nimefika namba kumi na saba. Nikamwambia, "Subiri, Analyn, usinivurugie hesabu. Nenda kakae." Akaenda. Alilaza kichwa juu ya kompyuta mpaka kengele ya mwisho, nami nikadhani ni uvivu. Jumatano mama yako alipomfikisha hospitali, homa ya dengue ilikuwa imeshamzidi. Daktari aliuliza homa ilianza lini. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza.

Labda siku mbili zile zingemwokoa, labda zisingemwokoa. Sijui, na hakuna wa kuniambia. Ninachojua ni kwamba alikuja kunionyesha, akanikosa.

Kwenye karatasi yao nitaandika wawape watoto kompyuta, ila namba zihesabiwe na mtu mwingine. Mimi nimerudi mlangoni. Wanapita thelathini na saba, na kila siku nasahau kuushusha mkono hadi wananiita ndani.

Mama yako anakusalimu, anasema usimtumie tena soksi, anazo nyingi. Binamu zako nao wanakusalimu. Ukija Desemba nitakuwepo kukupokea. Ukiona huwezi kuugusa mkono huu, mwanangu, pita tu. Sitauliza.

Ni mimi, mwalimu wako,
Felisa Abrigo