Nilihamisha Kiti, Mdogo Wangu Akagombezwa

Mpendwa mshauri, nakuandikia nimejifungia chumbani kama mwizi, naomba unisaidie maana aibu itaniua. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na nne, nimerudi nyumbani baada ya miaka kumi na sita ya kutunza ghala la vipuri ugenini, kazi ambayo ukiweka boksi pasipo pake unafukuzwa, nikamkuta mama haoni ila vivuli, na mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, ndiye anayemwangalia. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Kaka, humu usihamishe kitu, mama anatembea kwa kupapasa," nami nikaona huyu binti niliyemwacha na sare ya shule leo ananipa amri, basi Jumamosi yeye yuko kazini na mama kaenda kwa jirani, nikakunja mikono ya shati nikaipanga nyumba, kabati huku, meza kule, na kile kiti cha kando ya mlango nikakisogeza dirishani maana nilikiona kimekaa ovyo, kisha nikaenda uani kumwaga takataka huku najipongeza. Mama akarudi, akanyoosha mkono ashike kiti chake, hakukipata, akaanguka akavunjika mkono.

Jioni mjomba akaja, akamwona mama na plasta, akamgeukia mdogo wangu mbele ya majirani, "Mgonjwa haoni, wewe unamhamishia viti? Una akili kweli?" Mdogo wangu akanitazama, akangoja, mshauri, alingoja kabisa, na mimi nikainama nikawa nafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, mpaka akasema, "Nisamehe, mjomba."

Sasa ni wiki ya tatu, ananiandalia chakula, ananisalimu kwa adabu, zaidi ya hapo hana neno na mimi, na Jumapili hii mjomba anakuja kumchukua mama akakae kwake, eti mdogo wangu hafai kuachiwa mgonjwa. Nimeshadanganya kwamba kazini wameniita, begi nimelifunga, mama kasema, "Nenda mwanangu, kazi ni kazi." Je, niondoke kwanza, halafu niwaandikie ukweli nikiwa huko?

Mtunza ghala

Ndugu mtunza ghala,

Nakuonea huruma, ila kidogo tu. Aliyekaa mbali miaka mingi hutamani kuonekana ana faida nyumbani, hilo naliona kila wiki kwenye barua zenu. Kiti ulikihamisha kwa kiburi, hukumtakia mama yako mabaya. Ulipoharibu ni pale kwenye viatu.

Halafu unaniuliza uandike barua ukiwa huko! Mtu mzima na ndevu zako! Wakati wewe unatafuta kalamu, mama atakuwa kwenye nyumba asiyoijua mlango wala choo, anajigonga kila ukuta, na mdogo wako amebaki na jina baya mtaa mzima.

Na usijidanganye kwamba mama hajui. Binti yake hakusogeza hata sufuria miaka yote hiyo, umerudi wewe viti vimeanza kutembea. Anajua vizuri. Anakuambia nenda kwa sababu amechoka kukusubiri useme.

Begi ulifungue leo. Vitu ambavyo bado viko ulipovipanga wewe virudi vilipokuwa, lakini usivirudishe kwa akili yako, mwombe mdogo wako akuelekeze, na ukubali kuambiwa na yeye. Usiingoje Jumapili. Mfuate mjomba kwake, mrudi pamoja, na majirani wale wale waitwe. Mwambie, "Mjomba, kiti nilikihamisha mimi. Mdogo wangu alinikataza, sikumsikia. Mama abaki naye." Basi. Usilete habari za uchovu wa safari, usitie neno "lakini."

Mjomba atafoka, mwache afoke. Ukishasema usikimbilie nje kupunga upepo. Kaa hapo hapo, inua uso, mdogo wako akuone.