Kwa Zefania, Uliyeshuka Joshoni Mbele Yangu

Mpwa wangu Zefania, uliyelala nyumbani,

Nakuandikia kwa penseli, maana baridi ya hapa mjini Sikstifoo imegandisha wino mpaka chupa ikapasuka. Najua ungekuwa umekaa kwenye kile kiti chako ungesema polepole, "Mjomba, wino haukuganda, umekwisha." Haya, umekwisha. Tangu tukuzike kule Maragoli miezi saba iliyopita sina mtu wa kunisahihisha, na maneno yangu yamenenepa kama ng'ombe wa Kaburu. Mimi ni mtu wa darasa la pili, lakini leo nataka niandike jambo moja bila kuliongezea kitu.

Mwanao Natanieli amechaguliwa. Wahubiri sita wanapelekwa Tanganyika, ng'ambo ya ziwa, kwa watu wasiowajua, na yeye ndiye kiongozi wao. Ana miaka ishirini na miwili, karibu ile niliyokuwa nayo mimi tulipoletwa huku. Alikuja kukaa kwangu siku nne kabla ya treni. Ananiita Babu, na mimi bado meno yangu yote ninayo, isipokuwa matatu.

Jioni ya kwanza tukiwa tunakula akaniambia, "Babu, ile habari yako ya josho la ng'ombe ndiyo inanipa nguvu. Huko niendako, watu wakisita, sitamwuliza mtu. Nitaingia mimi kwanza."

Nikarudisha tonge sahanini. Nikacheka, nikampiga begani, nikasema, "Hiyo ndiyo damu yetu." Nilisema hivyo, Zefania. Halafu nikalala macho wazi, maana wewe unajua ni nani aliyeingia kwenye josho.

Unakumbuka siku tulipopangwa mstari uani kwa misheni, vijana kumi na wawili, wachaguliwe wa kwenda kuhubiri mashambani, na Bwana wa misheni akapita akitutazama mmoja mmoja? Miaka yote nimewaambia watu kwamba alinichagua kwa ajili ya sauti, kwamba niliimba ikasikika mpaka mtoni, akina mama wakaangusha mitungi. Wewe ulisimama kando yangu, na uliona alivyotazama miguu. Mimi peke yangu nilikuwa na viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa vya baba yako. Akasema, "Huyu atakuwa mkubwa wenu huko Uasin Gishu." Wewe uliyefika darasa la nne, uliyesoma ukurasa mzima bila kufuata kwa kidole, ukafanywa msaidizi wangu. Ukanibebea Biblia. Ukanisomea mistari tukiwa njiani, mara nne mara tano, ili nikisimama mbele ya watu nionekane nimeisoma mwenyewe.

Siku tulipoingia mashamba ya Wazungu ulinishika mkono. "Mjomba, moyo unanidunda. Huku hata njia ina mwenyewe."

"Mimi hofu yangu nimeiacha nyumbani ilinde kuku," nikajibu.

Lakini uliniona nilivyoingia kichakani asubuhi ile, si mara moja. Ile ya chui wa Timboroa niliyemfukuza kwa wimbo, nayo tuiache. Alikuwa fisi, na tayari alikuwa anaondoka.

Sasa lile shamba la Kaburu upande wa Moiben. Vibarua wetu waliotoka kwetu kuja kulima ngano hawakuruhusiwa kuvuka mpaka wa shamba bila cheti cha Bwana wa shamba. Ukikutwa nje na askari, kipande chako cha kitambulisho kiko shingoni lakini cheti huna, ni jela. Watu tisa walikuwa wamefundishwa mwaka mzima, wanangoja ubatizo, na kwetu ubatizo ni kuzamishwa mwili wote. Mto ulikuwa nje ya mpaka. Nilikwenda kuomba cheti, kofia mkononi. Kaburu akasema mtu anayetaka kuoga kuna ndoo. Na huku Bwana wa misheni ananiandikia, ananiuliza kwa nini watu wangu hawajabatizwa, au ampe mwingine kazi. Ile barua ulinisomea wewe. Baada ya hapo sikula vizuri tena. Niliogopa kuvuliwa ukubwa kuliko nilivyoogopa dhambi.

Ndipo Makaburu wakapakia magari yao ya maksai, wake, watoto na magodoro, wakaenda Sikstifoo kwenye meza yao ya Bwana, ushirika wao mtakatifu, ambako hukaa kambi siku tatu nje ya kanisa. Shamba likabaki na nyapara tu, na nyapara alikuwa amelewa tangu Ijumaa. Na josho lilikuwa limejengwa mwezi uleule.

Kwetu hakukuwa na kitu kama kile. Shimo refu la saruji, upande mmoja ng'ombe wanarukia kwenye kina, upande wa pili ngazi za kutokea. Waliosha ng'ombe Alhamisi. Kufika Jumapili tope lote lilikuwa limetua chini, na juu maji yametulia. Nilipoliona nikajua Mungu amenijibu. Ngazi, maji ya kifua, kuta pande zote, hakuna mkondo wa kumchukua mtu, na liko ndani ya mpaka. Nikawaambia wale tisa, "Nimeona birika kama hili Kisumu, Wazungu wanaogea humo." Sijaona birika lolote Kisumu, Zefania. Nilipita Kisumu mara moja, na ilikuwa usiku.

Tulipofika ukingoni ukanivuta kando.

"Mjomba, haya maji yananuka dawa. Tuulize kwanza."

"Tumwulize nani?"

"Watu wa ng'ombe. Wale Wanandi wa kule juu, si mbali."

"Mimi ni kiongozi hapa. Kiongozi haendi kuwauliza wachunga ng'ombe mahali pa kubatizia watu wa Mungu."

Ukawatazama wale tisa. Kisha ukasema, "Basi ingia, Mjomba." Haikuwa kejeli. Ndiyo desturi yetu, mwenye kubatiza hushuka mbele ya watu.

Nikatazama maji. Chini sikuona kitu. Kuogelea sijui, na wewe ulijua sijui. Watu tisa wananitazama, Rebeka mke wa mkata kuni akiwa wa kwanza kwenye mstari, mtoto mgongoni, maana hakuwa na wa kumwachia. Nikarudi nyuma hatua moja. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Shuka wewe kwanza upime kina. Unaona mimi nimeshika Biblia."

Biblia ambayo siku zote uliibeba wewe. Siku ile peke yake ndiyo niliyokunyang'anya.

Hukubisha. Ulivua koti, ukalikunja, ukaliweka juu ya ukuta, ukashuka zile ngazi. Maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani. Ulikuwa unatetemeka kwa baridi. Nikaona watu wanaanza kunong'ona, nikataka waone kazi inaendelea, nikakwambia, "Zama kabisa, tuone kama kichwa kinafunikwa." Ukazama. Mguu ukateleza, ukapiga mikono, na ulipoibuka ulikuwa umekunywa.

Nami nikageuka, nikamwambia Rebeka ashuke.

Mama Taplelei alikuwa anapita na mzigo wa kuni, yule mjane wa Kinandi aliyekuwa akitucheka kila Jumapili tukiimba. Akasimama. Akatua kuni.

"Nyinyi nafanya nini kwa maji ya ng'ombe?"

"Tunabatiza, Mama," nikasema kwa sauti ya ukubwa.

"Nabatiza kupe?" Akaja karibu, akamwona Rebeka. "Wewe na mtoto, rudi nyuma. Hiyo iko sumu. Ndama ya Bwana ilikunywa kidogo, ikalala pale, haikuamka. Toa huyo kijana. Mbona nasimama kama mti? Toa yeye."

Mguu wa Rebeka ulikuwa umelowa mpaka kwenye kifundo. Nimehadithia mambo mengi maishani, lakini huo mguu sikuwahi kumwambia mtu mpaka wiki hii.

Siku zile tatu wewe hukuziona vizuri. Mimi niliziona zote. Ulitapika mpaka ukawa unatapika hewa. Ulishika tumbo, ukakunjamana, midomo ikababuka. Mama Taplelei alikuosha mwili mzima kwa maji ya kisima, akanituma maziwa, akasema maziwa tu, mengi, hata akikataa. Nilikaa kando ya mkeka wako nikikupa kwa kijiko, na kila nilipoinua kijiko nilifikiria namna nitakavyomweleza dada yangu, mama yako, kwamba nimemrudishia mwanawe kwenye machela. Nilifikiria Kaburu akirudi. Nilifikiria wale tisa, na kile kitoto. Nje walikuwa wamekaa chini wote, hawaimbi. Mzee mmoja akachungulia mlangoni akauliza, "Mwalimu, na sisi tungekunywa?" Nikachota kijiko kingine.

Siku ya pili ulifumbua macho. "Mjomba, wale wengine hawakuingia?"

"Hawakuingia."

"Basi," ukasema, ukalala tena.

Bwana wa misheni alipokuja na pikipiki yake, akasimama juu yetu akauliza ni nani aliyeamuru jambo hili. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Wewe ukasema kutoka pale kwenye mkeka, sauti kama ya mtoto, "Ni mimi, Bwana. Niliingia kuoga bila kuuliza." Wewe, uliyetaka tuulize. Ukakatazwa kuhubiri miezi sita. Mimi nikabaki mkubwa, na mwaka uliofuata wale tisa walibatizwa mtoni, kwa cheti, kwa mkono wangu huu.

Sijui ni lini hasa habari ilianza kugeuka. Kwanza nilisema "tuliingia". Watu wakapenda. Baadaye nikasema "niliingia". Baadaye nikawa nimeingia nikiimba, nimekunywa kikombe kizima, na sumu haikunifanya kitu. Nimeisimulia Burnt Forest, nimeisimulia kwenye kiwanda cha mbao ninakosimamia watu, nimeisimulia kwenye harusi yako. Ulikuwa umekaa pale na bibi harusi wako, ukaangalia mikono yako mpaka nikamaliza. Nilingoja useme neno siku ile, na siku zote zilizofuata. Ulipokufa kwa kifua nilimwuliza daktari kama maji ya miaka ile yangeweza kukaa ndani ya mtu na kumla taratibu. Akasema hapana. Nilimwuliza tena kesho yake.

Sasa mwanao anakula ugali wangu, ananiambia hatamwuliza mtu. Siku mbili nilikuwa naenda kazini na kurudi bila kujua nimepita wapi. Nilimwona Natanieli kwenye kila maji ya Tanganyika nisiyoyajua, na watu nyuma yake wamepanga mstari. Niliogopa kumwambia, maana akijua nitabaki nani? Na niliogopa kutomwambia.

Asubuhi ya Alhamisi alikuwa anapiga koti lake pasi ya makaa. Nikafunga mlango. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa, na mguu wa Rebeka. Pasi akaisimamisha, hakuigusa tena. Hakunitazama.

"Baba alilia?" akauliza.

"Hakulia. Aliniita mara moja, halafu akamwita mama yake."

"Na wewe ulimjua yule mama wa Kinandi anakaa wapi, kabla?"

"Nilijua. Ilikuwa ni kupanda mlima kidogo tu."

Akalikunja koti lake. Kisha akasema, "Babu, mimi nilikuwa siogopi safari hii. Watu wote nyumbani wananisifu kwamba siogopi. Sasa naogopa."

Nikataka kumwambia asiogope, maneno yakawa yamefika ulimini, mengi na matamu kama kawaida yangu. Nikayameza. Nikamwambia, "Nenda nayo hiyo hofu. Usimwachie mtu."

Hakunipa mkono. Alibeba sanduku lake mwenyewe, tukatembea mpaka stesheni yeye mbele mimi nyuma. Wenzake watano walikuwa wanaimba. Yeye hakuimba. Aliwaita pembeni, na nikamsikia akiwauliza ni nani kati yao amewahi kuishi karibu na ziwa, nani anajua lugha ya huko, nani ni mgonjwa na hajasema. Mmoja akamtania, "Kiongozi, umeanza kuogopa kabla ya kuvuka?" Akasema, "Ndiyo. Sasa nijibu." Wakamjibu.

Treni ilipoanza kusogea alitoa kichwa dirishani akanitazama, mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakutabasamu na hakukasirika. Sijui alikuwa anatazama nini.

Jumapili nitawaambia wa hapa pia, Zefania. Nasema nitawaambia, na ninavyoandika hivi naogopa. Lakini hofu ile ni ndogo. Kubwa ni ya huyu kijana aliye juu ya ziwa sasa hivi, na mimi siwezi kumtangulia popote.

Pumzika, mpwa wangu. Kama huko uliko mnaruhusiwa kuangalia upande huu, usihangaike kuniangalia mimi. Mwangalie yeye, hasa akikaribia maji.

Ni mimi mjomba wako, ambaye hakuingia.