Skonzi za Mdalasini na Ukuta wa Marehemu Sixten

Mpendwa Bibi Gunvor wa ukurasa wa Jumatano,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo mimi na mke wangu Ellinor tunatia saini kununua nyumba hapa mjini Falun, ilijengwa mwaka sabini na mbili, na mwenyewe ni mjane, Bi Maj-Britt, mama mwema ajabu, kila tukienda tunakuta kaoka skonzi za mdalasini, sasa juzi mkaguzi tuliyemwita akashuka chumba cha chini akaomba kutoboa tundu dogo kwenye mbao za ukutani apime unyevu, Bi Maj-Britt akashika kifua, akasema, “Mbao hizo marehemu mume wangu Sixten alizipigilia kwa mikono yake,” nikaona haya, nikamwambia mkaguzi, “Acha tu, kaka, si unaona pakavu,” naye akaandika kwamba ukuta huo haukukaguliwa, na Ellinor ana mimba ya miezi sita na hicho ndicho chumba cha mtoto, sasa hasemi nami ila kuniuliza kama nitaongezwa skonzi. Nitamvunjiaje heshima mama wa watu?

Hampus

Hampus mjukuu wangu,

Hongera. Umemlipa mtu aje atazame, kisha ukamziba macho. Mkaguzi ana kipimo mkononi, wewe una skonzi mdomoni, na aliyeamua ni mwenye skonzi.

Shule niliiacha darasa la saba, lakini najua hili: nchi hii kukagua ni kazi ya mnunuzi. Ulichoweza kukiona usikione, ni chako na hasara yake. Ulichokataza kisitazamwe ni chako mara mbili. Usije kunililia mtoto akianza kukohoa.

Mkaguzi hasogezi kabati wala hainui zulia, na bila ruhusa ya mwenye nyumba hatoboi. Ataleta orodha ndefu ya nyufa na vigae vilivyochakaa. Usizimie, nyumba ya miaka hamsini ina magonjwa yake kama mimi. Yaliyoandikwa hayanitishi. Linalonitisha ni lile neno “haukukaguliwa”.

Kwa hiyo kesho mpigie mkaguzi arudi. Mwombe Bi Maj-Britt ruhusa kwa adabu, na Ellinor awepo, maana yeye ana akili. Vaa suruali kuukuu, panda naye darini, shuka naye chini, muulize, “Wewe ungemlaza mwanao humu?” Bi Maj-Britt akikataa tundu, Ijumaa hakuna saini. Akilia, mpe kitambaa.

Wala usimhofie. Nilipouza nyumba yangu ya Ludvika nami nilioka siku tatu mfululizo, na nyumbani hakuna aliyekuwa na njaa. Akaja binti mmoja, hakugusa hata skonzi moja, akaomba kutoboa ukuta wa mume wangu. Nilishika kifua vizuri kuliko huyo Maj-Britt wako. Akasimama tu, akangoja. Nikakubali, na vumbi la tundu nikalifagia mwenyewe, sikumwuliza kapata nini.

Nilikuwa najua.