Ulipoomba Radhi Nilikuwa Nasikia

Hamadi, mdogo wangu,

Nilikuwa nasikia. Nalitanguliza hilo kwa sababu pumzi yangu haina tena nafasi ya utangulizi.

Unaukumbuka mkutano wa kuanzisha kijiji cha ujamaa? Uziwi ulikuwa umeniingia, nami kwa aibu ya mwalimu mstaafu nilizoea kutikisa kichwa kwa kila nilichoulizwa. Ukaniuliza mbele ya watu kama nalitoa shamba la minazi aliloniachia mama liwe la kijiji. Nikatikisa kichwa. Wakapiga makofi, wewe ukapata uenyekiti. Shamba lako hukulitoa. Nilijilaumu mwenyewe, si wewe.

Kisha nikaenda Dar es Salaam kupasuliwa sikio. Daktari alitoa kijifupa kilichoganda, kidogo kuliko punje ya mchele, akaweka kipande cha waya mahali pake. Nikiwa bado mezani nikasikia maji yakidondoka kwenye beseni. Nililia, Hamadi. Nikapanga wewe uwe wa kwanza kuambiwa.

Nilirudi kijijini kwetu Bweni na pamba sikioni, nikakukuta barazani unakunywa kahawa na wenzako. Ukapaza sauti, "Karibu, Kaka!" Kisha ukawageukia, hata hukunong'ona: "Wamemchokonoa bure huyu. Mtukaneni, ataitikia marahaba. Lile shamba si nililipata hivyo hivyo? Nilijua hasikii."

Wakacheka. Nikaketi, nikapokea kikombe. Tangu siku ile nikabaki kiziwi kwako, miaka yote.

Ulipokuwa unakufa, ulikisogeza kinywa kwenye sikio lile lile. "Kaka, shamba nilikudhulumu. Niwie radhi."

Kila neno lilifika. Nikakutazama machoni, nikasema, "Marahaba."

Ukajua. Niliona ulivyojua. Ulifungua kinywa, sauti haikutoka tena.

Makaburini shehe aliomba kila mwenye kinyongo nawe akusamehe. Wote wakaitika. Mimi nilitazama udongo. Watu wakasema, mzee hasikii.

Nilitegemea nitajuta. Sijajuta, na hilo ndilo ninalokiri. Ila jana nami niliwaomba wanangu radhi. Walinijibu upesi, lakini katika ule muda mdogo wa kungoja, nilikuona wewe.

Lala, Hamadi. Nipo njiani. Tukikutana niombe tena, na uanzie kwenye minazi ya mama. Siahidi kusamehe. Naahidi tu kwamba mara hii sitajifanya kiziwi.

Kaka yako